Bwana Moreau wa Amani na Safari ya Mbayuwayu

Kila mwaka kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza sawasawa, anga yetu ya Lemara hupata wageni. Ni ndege wadogo wenye mgongo wa buluu iliyoiva hata ikakaribia weusi, koo jekundu kama tofali, na mkia wa panda mbili ndefu. Huruka chini chini juu ya majani na kandokando ya mabanda ya ng'ombe wakiwakamata wadudu, na jioni hujipanga mistari juu ya nyaya za umeme. Hao ni mbayuwayu wa kaskazini. Hukaa nasi mpaka masika iingie, na ifikapo mwisho wa Aprili karibu wote wamekwisha kwenda zao. Huko waendako ndiko wanakojenga viota, katika mazizi ya farasi na maghala ya majani makavu, wakati miti ya Ulaya inapochipua baada ya baridi. Wengi hurudi katika zizi lile lile walilozalia mwaka uliopita.

Sisi tulio wengi tunawatazama bila kuuliza wametoka wapi na kwa nini wamekuja. Leo tunapenda kuwaletea habari za mtu mmoja aliyeuliza. Hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Alikuwa mkaguzi wa hesabu, tena mgonjwa, na miaka 18 ya kazi yake aliifanya hapa nchini, Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Jina lake Reginald Ernest Moreau.

Kwanza tueleze swali lenyewe, maana ni la zamani sana. Watu wa Ulaya waliona mbayuwayu wakitoweka kila mwaka baridi inapokaribia, na wakirudi kila mwaka mashamba yanapopata joto. Walikwenda wapi? Aristotle, yule mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala aliyekuwa ukimbizini, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kutoka chini ya maji, wamekumbatiana kama wafu. Hata kasisi wetu wa Kianglikana, Gilbert White wa kijiji cha Selborne, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1720 na kufariki mwaka 1793, hakupata jibu. Huyu aliwapenda mbayuwayu kupita kiasi, akawaandika katika daftari zake mwaka hata mwaka, na kitabu chake cha mwaka 1789 kinasomwa mpaka leo. Aliamini kwamba wengine huhama, lakini hakuacha kutafuta wale waliojificha. Akafa na swali lake moyoni.

Jibu lilianza kupatikana kwa kitu kidogo, yaani pete ya alumini. Mwezi wa Mei mwaka 1911 wakili mmoja wa Cheadle, Uingereza, jina lake John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni, aliyekuwa na kiota katika ukumbi wa nyumba yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege yule akapatikana katika shamba moja huko Natal, Afrika ya Kusini. Kwa mara ya kwanza ikajulikana kwa hakika kwamba ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi, mwepesi kuliko barua, ameivuka Afrika nzima. Lakini kujua kwamba huja ni jambo moja. Wanakuja wangapi, wanapita wapi, wanakula nini, na bara letu linawatosheaje wote? Hayo yalibaki. Ndiyo kazi aliyoifanya Bwana Moreau.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 huko Kingston upon Thames, karibu na London. Baba yake alipata ajali ya gari moshi Reginald akiwa bado mtoto, na tangu hapo hakuwa na afya njema. Kwa hiyo nyumba yao haikuwa na fedha ya kumpeleka kijana mbali kimasomo. Mwaka 1914, baada ya kufanya mtihani wa utumishi wa serikali, aliingia katika idara ya ukaguzi wa hesabu. Hapo angeweza kukaa miaka arobaini akijumlisha na kutoa mpaka apate pensheni yake, na jina lake lisijulikane na mtu nje ya ofisi ile.

Ugonjwa ndio uliomtoa. Alishikwa na baridi yabisi ya viungo akiwa kijana, na hali ya hewa ya kwao ilimwumiza. Mwaka 1920 akapewa kazi Cairo, Misri, mahali penye jua na ukavu. Huko ndiko alikoanza kuwatazama ndege kwa bidii. Misri ipo katika njia ya ndege wahamao, na kila anayekaa pale huona makundi yakipita mara mbili kwa mwaka, wakienda kusini na wakirudi kaskazini. Mkaguzi wa hesabu akaanza kuhesabu viumbe badala ya fedha. Huko huko Misri alikutana na Bibi Winifred Muriel Bird, wakaoana mwaka 1924. Wale wanaojua Kiingereza watacheka kidogo, kwa kuwa jina hilo la ukoo maana yake ni ndege. Bibi huyu alikuwa mwenzake katika kazi yote iliyofuata, na majina yao wawili yameandikwa pamoja juu ya makala nyingi.

Mwaka 1928 wakahamia Amani. Wasomaji waliofika Tanga wanapajua. Ukitoka Muheza, ukaiacha Magila nyuma pamoja na kanisa lake la zamani la misheni, unapanda milimani kwa barabara ya kona nyingi mpaka unafika katika msitu wenye ukungu, kama mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, na Waingereza walipoitawala Tanganyika wakakifufua. Bwana Moreau hakuajiriwa kuchunguza ndege. Aliajiriwa kushika hesabu na shughuli za ofisi. Mchana alikuwa na leja mezani, na kazi ya ndege aliifanya asubuhi, jioni na siku za mapumziko, huku viungo vyake vikimsumbua.

Tunapenda wasomaji walitafakari jambo hili. Mtu asiye na shahada, asiyelipwa kwa kazi hiyo, mwenye maumivu, anakaa mlimani mbali na maktaba kubwa. Wapo watu ambao katika hali hiyo hungoja mpaka wapate nafasi. Yeye alianza na kilichokuwa mbele yake, nacho kilikuwa ni viota vilivyokuwa karibu.

Desturi ya wataalamu wengi wa siku zile ilikuwa kumpiga ndege risasi, kumchuna, na kuipeleka ngozi kwenye makumbusho. Bwana Moreau naye alikusanya ngozi, lakini aliona kwamba ndege aliyekufa hawezi kukuambia analishaje watoto wake. Kwa hiyo yeye na mkewe, pamoja na wenyeji wa pale Amani waliowafundisha, walikaa karibu na viota wakiwa na saa na daftari, wakiandika kila ndege alipoingia na kila alipotoka, tangu alfajiri mpaka giza. Mama ameatamia dakika ngapi? Baba amekuja mara ngapi? Makinda wamelishwa mara ngapi kwa saa? Ndiyo hesabu ile ile ya ofisini, ya kuingia na kutoka, ila sasa ilihesabiwa kwa wadudu.

Miongoni mwa waliochunguzwa hivyo ni mbayuwayu wetu wenyeji, yule mwenye kofia ya rangi ya kutu na nyuzi mbili nyembamba mkiani mithili ya waya. Huyu hahami kwenda Ulaya. Hujenga kikombe cha udongo chini ya paa la baraza, chini ya daraja au ndani ya banda, hapa hapa kwetu. Mwaka 1939 Bwana Moreau alichapisha huko London hesabu za maisha ya ndege huyo kwenye kiota. Mwaka huo huo yeye na mkewe wakachapisha pia waliyoyaona kwenye viota vya mbayuwayu wa Uingereza. Hivyo ndugu hao wawili, wa Usambara na wa zizi la Kiingereza, wakaweza kulinganishwa.

Ulinganifu huo ulizaa tunda kubwa. Mwaka 1944 alitoa makala ndefu juu ya idadi ya mayai. Alionyesha kwamba kwa kawaida ndege wa Afrika hutaga mayai machache kuliko ndege wa jamii zao walioko kaskazini. Mbayuwayu wa Ulaya hutaga manne au matano. Yule wetu mwenye mkia wa waya mara nyingi hutaga matatu. Kwa nini? Mtaalamu David Lack wa Oxford aliitumia kazi hiyo alipoeleza kwamba ndege hutaga kwa kadiri ya makinda wanaoweza kulishwa. Kule kaskazini wakati wa kuzaa mchana ni mrefu sana na wadudu huzuka kwa wingi kwa pamoja, hivyo wazazi hupata saa nyingi za kuwinda. Kwetu mchana ni saa 12, ukizidi au kupungua ni kidogo tu. Mabishano juu ya sababu zote hayajaisha hata leo, lakini kila anayebishana huanza na takwimu zilizokusanywa na karani wa Amani.

Kazi yake haikuishia kwenye viota. Aliipanda milima na kuwataja ndege ambao sayansi haikuwajua. Ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu aliyempata Amani amepewa jina la Moreau. Chozi mmoja wa milimani ana jina lake pia. Na mwaka 1938 yeye mwenyewe alimtangaza ndege mpya wa milima ya Uluguru, mwenye kichwa na kifua cha rangi nyekundu ya kutu, akampa jina la mkewe Winifred. Pamoja na mwenzake aliandika pia juu ya ndege wa milima ya Mbulu, ambayo si mbali na sisi. Alitaka kujua kwa nini ndege wa mlima mmoja wanafanana na wa mlima mwingine ulio mbali, na katikati ni nyika kavu, akaona kwamba zamani za baridi misitu ilishuka na kukaribiana.

Mwaka 1946 afya yake ilimlazimisha kuondoka. Fikirini huzuni ya mtu huyo. Bara alilolichunguza anaiacha nyuma, na mwili wake haumruhusu kupanda tena mlima. Lakini alipofika kwao hakukaa kimya. Tangu mwaka huo mpaka mwaka 1960 alihariri jarida la Ibis, ambalo ni jarida kuu la wataalamu wa ndege wa Uingereza, akafanya kazi pamoja na Lack huko Oxford, na kuanzia mwaka 1960 hadi 1965 akawa rais wa chama chao. Yule ambaye hakupata kusoma chuo kikuu sasa ndiye aliyekuwa akisahihisha maandiko ya maprofesa. Na wanasema kalamu yake haikuwa na huruma kwa mtu aliyeandika ovyo. Sisi tuliofundisha tunamwelewa.

Alikaa katika kijiji cha Berrick Salome, Oxfordshire. Huko nako aliuliza maswali. Aliketi na wazee wa kijiji, akawauliza maisha yalivyokuwa walipokuwa watoto, walikula nini, walilima vipi, walizikana vipi, na mwaka 1968 akatoa kitabu juu ya kijiji kile cha zamani ambacho hakipo tena. Alitambua kwamba mzee naye ni kama ndege wa msimu: usipomwandika akiwapo, hutamwandika akishaondoka.

Wakati huo wote lile swali la wahamaji lilikuwa likimngoja. Kwa miaka mingi alikusanya barua, takwimu za pete na taarifa kutoka kila pembe ya Afrika. Akakadiria kwamba kila mwaka ndege wa nchi kavu wapatao milioni 5,000 huondoka Ulaya na Asia kuja Afrika. Watafiti waliohesabu upya mwaka 2009 kwa njia za kisasa walipata zaidi kidogo ya milioni 2,000. Hata hiyo hesabu ndogo inastaajabisha.

Tena aliona fumbo ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Wageni hawa wengi hufika katika nchi zilizo kusini ya jangwa la Sahara mvua za huko zinapokwisha. Wao hukaa miezi mingi huku nchi ikizidi kukauka, majani yakinyauka na maji yakipungua. Ingefaa wakonde. Badala yake, inapofika Machi na Aprili, wakati ukavu uko kwenye kilele chake, hunenepa, wakajiwekea mafuta ya kuwavusha jangwa lote. Wanapata wapi chakula hicho? Baadhi ya majibu yamekwisha kupatikana, kama vile miti inayochanua na kutoa majani mapya hata kabla ya mvua, ikavuta wadudu. Lakini fumbo bado lina watu wanaolifanyia kazi.

Kitabu chake kikubwa juu ya uhamaji huo alikiandika katika miaka ya mwisho, akiwa mgonjwa sana, akishindana na siku zake. Alifariki tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73. Hakukiona kitabu kikitoka. Rafiki zake walikitengeneza, kikachapishwa mwaka 1972, na hakuna anayeandika juu ya ndege wahamao wa Afrika asiyekifungua. Bibi Winifred aliishi miaka kadhaa baada yake. Kituo cha Amani nacho kilibadilika: utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, Amani ikawa mahali pa utafiti wa malaria, na mwaka 1997 msitu wake ukatangazwa kuwa hifadhi.

Sasa yatuhusu nini sisi wa Lemara? Yanatuhusu kwa sababu nusu ya maisha ya ndege hawa iko mikononi mwa watu wa kaskazini na nusu mikononi mwetu. Huko Ulaya mbayuwayu wamepungua sehemu nyingi, maana mazizi ya zamani yenye milango wazi yamebomolewa au kufungwa, na dawa za mashambani zimewaua wadudu. Huku kwetu hawajengi, ila hubadilisha manyoya yao yote, na ndege mwenye manyoya mabovu hawezi kuivuka Sahara. Wanahitaji wadudu na matete ya kulala usiku. Bonde lililojazwa taka au kunyunyiziwa sumu haliwafai, kama lisivyotufaa sisi.

Na wako wale wenyeji wanaojenga kwenye mabanda yetu, barazani na hata chini ya paa la kanisa. Tumeona mara nyingi ufagio ukipelekwa juu kuangusha kiota kwa sababu ya uchafu ulioko chini. Zaburi ya 84 inamtaja mbayuwayu aliyepata kiota karibu na madhabahu, na mtunga zaburi hakuomba kifagiliwe. Kipande cha ubao kikipigiliwa misumari chini kidogo ya kiota huzuia uchafu wote. Makinda wakiruka, baada ya wiki tatu hivi tangu waanguliwe, mwenye nyumba atafanya apendavyo. Na hasara ya kuwaacha ni ndogo kuliko faida, kwa kuwa wazazi wanaolisha huondoa nzi na mbu wengi mno katika banda kwa siku moja.

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, anasema kwamba mbayuwayu anajua majira ya kuja kwake. Je, sisi tunayajua? Walimu wa shule ya Jumapili na wazazi wanaweza kumpa mtoto daftari la kurasa 32 na kalamu. Aandike tarehe aliyomwona mbayuwayu wa kwanza mwezi wa Septemba, na tarehe aliyomwona wa mwisho mwezi wa Aprili, na hali ya mvua siku hizo. Afanye hivyo mwaka huu na mwaka ujao. Kazi hiyo haihitaji shahada wala mshahara. Bwana Moreau alianza hivyo hivyo.